Akivuka Mwaka

Nawaandikia nyinyi mliotoka hospitali juzijuzi na kichuma ndani ya moyo, na nyinyi mnaowauguza. Sitawafundisha moyo unavyofanya kazi, hayo waulizeni waliosomea. Mimi ni muuza saruji na mabati pale Kinyinya, Kigali, najua nondo na misumari, basi. Nitakachowaambia ni kimoja tu: mimi nilipona, na aliyeumia kwa ajili ya kupona kwangu ni binti yangu. Ndiyo maana siku hizi nikiwa kliniki nikamwona daktari anamvuta mume wa mtu pembeni ya korido, mimi humwendea mgonjwa kitandani nikamwambia, amka mwenzangu, kasikilize mwenyewe.

Ilinianza masika. Nilikuwa dukani, dereva ameshusha saruji nje na mvua hiyo inakuja, nami namrushia maneno. Kifua kikabana. Nikasema ni vidonda vya tumbo, maana mwanamke gani wa mtaa wetu wa Kagugu hana vidonda vya tumbo? Nikaagiza maziwa baridi. Maumivu yakapanda mpaka kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto, jasho la baridi likanitoka, na bado nikawa nabishana na yule dereva juu ya turubai.

Mume wangu Deo alikuja kunichukua mchana, akaniona nilivyobadilika rangi, akasema twende hospitali. Nikamwambia aniache na gesi zangu. Deo ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mpole, msema taratibu, mtu wa misa ya alfajiri. Mimi nimekulia Ngara, Tanzania, na mdomo huu nimetoka nao huko. Tangu tuoane sikumbuki siku aliyonishinda kwa maneno. Aline, mtoto wetu wa pekee, alirithi mdomo wangu, kwa hiyo maskini Deo katika nyumba ile alikuwa anashindwa mara mbili. Siku ile pia nilimshinda. Alikaa kwenye kigoda akiniangalia mpaka jioni, nilipoanguka katikati ya mabati na kushindwa hata kumwambia sasa twende.

Hospitalini waliniingiza chumba cha baridi chenye vioo vikubwa, wakanitoboa kwenye kifundo cha mkono, wakapitisha waya mwembamba mpaka kwenye moyo. Nilikuwa macho kodo mtu mzima, nasikia wanavyoulizana vitu kwa Kiingereza na Kifaransa, naogopa hata kupiga chafya. Pale mshipa ulipoziba wakaacha wavu mdogo wa chuma uushikilie usifunge tena. Mimi ninayeuza wavu wa chuma kwa mita, leo nimetiwa wa kwangu. Nilitaka kucheka lakini kifua hakikuniruhusu.

Niliamka mkono mweusi kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko. Ni dawa za kulainisha damu, ukiguswa tu unavia. Nilikuwa sijaoga na nanuka jasho la hofu, ambalo si kama jasho la kazi. Nesi mmoja wa makamo, mwanamke mnene asiyependa maneno, alileta beseni la maji ya moto akaniosha miguu, kidole kwa kidole, akanipaka mafuta, akaondoka. Hakuniuliza chochote. Katika mambo yote niliyofanyiwa hospitali ile, hilo ndilo lililonitoa machozi.

Asubuhi hiyo nilimwona daktari kupitia kioo cha mlango. Kijana mdogo tu, amebeba kompyuta yake mkononi kama trei. Alikuwa anamwonyesha Deo kitu na kumweleza. Deo akauliza, kijana akarudia. Wakapeana mikono. Deo alipoingia nikamuuliza daktari amesema nini.

Akasema, amesema upumzike.

Tangu lini daktari akasimama korido nzima kusema upumzike? Lakini wahenga walikwisha sema mgonjwa haulizwi uji, na huku kwetu msemo huo wameugeuza sheria. Mgonjwa haulizwi uji, haambiwi ugonjwa, haonyeshwi karatasi. Anayeambiwa ni mume, kaka, shangazi, na jirani mwenye gari. Wewe mwenye moyo wako unaambiwa upumzike.

Basi nikapumzika, na hapo ndipo watu walipoanza kuwa wazuri kwangu. Jamani, nilipata taabu. Nikilalamika chai haina sukari, Deo anakubali kwamba kweli haina sukari. Nikisema imezidi sukari, anakubali vilevile. Dada yake Speciose, wifi yangu ambaye tumenuniana tangu ubatizo wa Aline, alikuja na maziwa ya mgando kwenye chombo chake kizuri, akakaa kando ya kitanda akanishika mguu. Nilimtupia neno moja la zamani, la kumchokoza tu nione kama bado nina nguvu. Akainamisha kichwa, akasema nina haki. Mtu akikosa wa kugombana naye ajue amekwisha hesabiwa. Mimi sikujua. Nilidhani ugonjwa umewatia adabu.

Sasa niwaambie habari ya Aline, maana hii yote ni habari yake.

Aline alikuwa amesomea upimaji wa ardhi. Kutwa alikuwa kwenye vilima vya Kinyinya na buti zake na kile chombo cha miguu mitatu, anawaonyesha watu mpaka wa kiwanja uko wapi, na watu wazima wanamwita injinia. Kulikuwa na kijana anamtaka, Patrick, mtoto wa rafiki yake Deo wa Bujumbura. Afisa wa bima, viatu safi, salamu nyingi. Deo alikuwa anampenda kama amemzaa. Aline nilimuuliza mwenyewe, wiki chache kabla sijaugua, tukiwa tunakoka moto.

Akasema, "Mama, simchukii. Ila nikikaa naye napata usingizi."

Nikamwambia asije akaolewa na usingizi. Tukacheka mpaka Deo akatokea mlangoni kuuliza tunacheka nini, tukamwambia hakuna kitu. Tulikubaliana kwamba mvua zikipungua Aline atamwambia Patrick hapana, kwa adabu, na mimi nitakaa na baba yake nimtulize.

Mvua hazijapungua, mimi bado niko kitandani, Aline akaja kunibusu akasema, "Mama, nimekubali."

Nikamuuliza usingizi umeisha?

Akacheka, macho yako dirishani. Akasema umeisha. Na mimi nikamwamini, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kuamini ni kazi ndogo kuliko kuuliza.

Nyumbani niligundua kwamba Kagugu ina milima. Nimeishi pale miaka yote hiyo sikuwahi kuiona. Kutoka barabarani hadi getini kwetu nasimama, najifanya naangalia maua ya watu, napumua, naendelea. Fizi zilitoa damu nikipiga mswaki. Kidonge kimoja kilinipa kikohozi kikavu mpaka wakanibadilishia. Deo alihamia chumba cha pili, akasema ni ili nilale vizuri. Ukweli alikuwa anaogopa kuamka anikute nimepoa, na mimi nilikuwa naogopa kulala ubavu wa kushoto nisije nikaukunja ule wavu. Hakuna aliyenieleza kwamba haukunjiki hivyo. Muulizeni daktari mambo ya kijinga, wenzangu, kuuliza si ujinga.

Harusi waliipanga kiangazi kilekile. Mimi nilisema haraka ya nini, mwacheni mtoto ajiandae. Speciose akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kigali, "Mama Aline, kijana iko tayari, sisi iko tayari, tunangoja nini?" Hata siku ya kuposa waliifanya karibu na ya kanisani, jambo ambalo Speciose, mshika mila namba moja, kwa mtoto mwingine angelikataa kabisa. Nikajiambia ni msimu wa harusi, kumbi zinagombewa.

Siku ya kuposa walinivisha mushanana ya rangi ya machungwa, wakanitia bangili nyingi kuficha yale mavilio ya mikono. Nilikaa kwenye kiti chenye mto. Nikaanza kuona vituko. Mpiga picha ananifuata mimi kuliko bibi harusi. Watu ambao sijawasalimu tangu turudi Rwanda wanakuja kupiga picha na mimi, mmoja mmoja, wananishika bega. Msemaji wa upande wetu, katikati ya mizaha ya ng'ombe na mashairi ya ng'ombe, akasimama akasema tumshukuru Mungu aliyemjalia mama kuiona siku hii. Hema zima likavuta kamasi. Nilidhani wameanza kunywa mapema.

Aline alipotoka na wasichana wenzake alikuwa mzuri mpaka nikaona aibu kumtazama. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akaniangalia usoni muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha njia ya mbali. Nikamnong'oneza aache kuniangalia hivyo, atalia na poda itaharibika. Akaniambia, "Uko sawa, Mama? Umefurahi?" Nikasema nimefurahi sana. Na kweli nilifurahi, siwafichi.

Kiangazi kikaisha, vuli ikaja, mimi na kliniki. Mjue kwamba ugonjwa huu unakaa zaidi kwenye benchi kuliko kwenye moyo. Unafika asubuhi, unapimwa presha, unakaa. Televisheni iko juu, inaonyesha mapishi ya vitu ambavyo sote tumekatazwa. Watu wanaulizana una nyavu ngapi, mwenye nyingi anasikilizwa zaidi. Rafiki yangu wa benchi alikuwa fundi gari wa Gikondo, mwanamume mwenye vidole vyeusi visivyotakata, anakuja na mkewe na papai lililokatwa tayari, tunakula sote. Alikuwa anasema moyo wangu na wake ni magari yaliyofungwa spea mtumba, twende nayo tu mteremko.

Yeye ndiye aliyenieleza habari ya rangi. Kumbe ile kompyuta ya daktari, ukishatiwa wavu, wanaiambia umri wako, presha yako, figo zako, ulichelewa kiasi gani kufika, nayo inatoa rangi ya namna utakavyokwenda baadaye. Fundi alikuwa amegoma kutoka mpaka aonyeshwe mwenyewe. "Mimi ni kijani," akaniambia, anajisifu kama amefaulu mtihani. "Wewe ni rangi gani?"

Nikasema sijui, aliyeonyeshwa ni mume wangu. Jioni nikamuuliza Deo. Akasema hakumbuki mambo ya rangi.

Kliniki iliyofuata papai halikuwepo. Mke wa fundi alikuja peke yake kurudisha mashine ya presha waliyoazimwa, akakaa pale pale walipokuwa wanakaa, akasema mumewe amefia chini ya gari akifunga boliti, hakuita hata mtu. Alisema na macho makavu kwamba tuliambiwa kijani. Alirudia mara kadhaa, kwangu, kwa nesi, kwa mlinzi wa mlangoni, tuliambiwa kijani. Nilimshika mkono mpaka akaitwa.

Aline nilikuwa namwona mara chache. Akija anakuja na Patrick, wanakaa kwenye kochi, Patrick anasalimia vizuri, wanaondoka. Niliambiwa ameacha kazi ya upimaji, mume hapendi mke anayeshinda porini na vibarua. Nikauliza, Aline akasema ni kwa muda tu. Alikuwa anakonda. Nikajipa moyo kwamba labda ana mimba.

Baada ya Noeli, katika kile kiangazi kifupi, alikuja peke yake na mkoba. Akasema amekuja kupumzika. Alilala siku nyingi, akiamka anakula kidogo na kurudi kulala. Deo akawa anatoka kwenda kanisani mara nyingi kuliko kawaida. Mimi nilimwacha, nikijua kwamba mdomo wetu ukijaa hufunguka wenyewe.

Ulifunguka tukichambua maharage. Akasema Patrick hajawahi kumpiga. "Angenipiga ningejua la kufanya," akasema. Ila wanaishi na mama mkwe, na kila Jumapili wakitoka kanisani yule mama anamuuliza, mbele ya wageni, mama yako vipi, bado? Bado yupo? Anawaeleza watu kwamba mwanawe alifanya tendo la huruma, alimchukua msichana wakati nyumba yao inafungwa kama duka. Na Patrick, siku aliyomkatalia kuacha kazi, alimwambia mlituharakisha nyinyi, mlisema anakufa, sasa mnataka pia kuchagua. Tangu siku ile hamsemeshi mpaka kuwe na mtu wa kuwasikia.

Sikuelewa. Nikamuuliza nani alisema nani anakufa.

Aline aliacha maharage. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtu mpaka wa kiwanja chake. Kwamba ile asubuhi ya hospitali baba yake alimwita nje, shangazi Speciose yupo, akamwambia daktari amesema mama hatavuka mwaka. Kwamba mama akifa itabidi kungoja matanga yaishe, na nani atamngoja? Kwamba je, atamwacha mama yake aende bila kumwona mwanawe wa pekee ameolewa? Akakubali palepale, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Watu wote walijua isipokuwa mimi.

Halafu akaniangalia. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana mpaka leo naisikia sauti ile.

"Mimi niliolewa ili wewe ufe umetulia, Mama. Mbona hukufa?"

Nilimwambia sijui. Akarudi kwenye maharage, na mimi nikarudi kwenye maharage, na tukayapika tukayala.

Nilichukia. Siwezi kuwapambia. Nilimchukia Speciose kwa kule kunishika mguu kitandani, nikachukia kila tone la maziwa ya mgando nililokunywa. Lakini zaidi nilimchukia yule daktari, mtoto mdogo na kompyuta yake, aliyeniua kwenye korido kwa neno moja halafu akaenda kula chakula cha mchana. Deo nilimwonea huruma. Nilifikiri alivyobeba neno lile peke yake, analala chumba cha pili anasikiliza kama napumua. Sikumuuliza chochote. Aline naye akaniomba nisimuulize baba yake, atalia. Huku familia ya Patrick inatuma watu kumtaka mkewe, nami nawajibu getini kwamba mtoto anapumzika.

Hasira yangu niliihifadhi hadi masika, siku ya kipimo cha mwaka.

Walinipaka ule ute wa baridi kifuani, wakauangalia moyo kwenye kioo unavyopiga. Daktari akafurahi mwenyewe. Akasema mapigo yako sawasawa, moyo uko imara, wavu uko wazi, hongera sana mama, umevuka mwaka.

Nikamwambia, "Wewe si ulisema sitavuka?"

Uso wake ukabadilika. Akauliza nani kasema hivyo. Nikamwaga yote, harusi, hema, Aline, buti zake za kazi zilizo chini ya kitanda kwetu. Alivuta kiti akakaa. Akanigeuzia kompyuta, akanionyesha rangi yangu ya siku ile, nyekundu, haikuwa siri. Akasema nilichelewa sana kufika, ndiyo maana. Ila mashine ile haikujui wewe, mama, inajua watu wengi waliofanana na wewe, na inasema wengi wao mwaka wa kwanza ndio mgumu. "Nilimwambia mzee hivi: akivuka mwaka, tutapumua. Sikusema kingine."

Sasa nyinyi msiojua Kinyarwanda nisikilizeni. Akivuka mwaka ni narenza umwaka. Hatavuka mwaka ni ntarenza umwaka. Ni herufi moja tu hiyo. Nilipoisikia karibu nicheke kwa uchungu. Nikaona hofu ya Deo, korido yenye kelele, sikio la mtu ambaye hakulala, na herufi moja imedondoka mahali si pake. Nikamwambia daktari basi amesamehewa, mume wangu alisikia vibaya.

Yule kijana akasita. Angenyamaza ningemshukuru mpaka leo. Akasema, "Aliniuliza mara mbili, mama. Mara ya pili aliirudia yeye mwenyewe, narenza, na akaniambia kwa hiyo kuna matumaini. Nikamwambia ndiyo, yapo mengi."

Nilirudi nyumbani na mvua. Deo alikuwa sebuleni anasikiliza redio, miguu ameiweka kwenye beseni. Akaniuliza kipimo kimeendaje. Nikasema moyo uko imara. Akafanya ishara ya msalaba. Nikabaki nimesimama na koti langu linachuruzika kwenye sakafu.

"Deo. Daktari alisema narenza au ntarenza?"

Akazima redio.

"Narenza," akasema.

"Ulisikia vizuri."

"Nilisikia vizuri."

Alisema akiangalia maji ya beseni. Kwamba Patrick ni mtoto mzuri, alimjua tangu yuko mgongoni. Kwamba alijua tunamcheka jikoni. Kwamba nikipona tungemkataa, na nikifa angebaki na msichana ambaye hajawahi kumsikiliza hata neno. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole ninayoijua. "Nyinyi wawili hamjawahi kunisikiliza. Siku ile Aline alinisikiliza."

Nikageuka, kwa sababu nilihisi mtu. Aline alikuwa kwenye mlango wa korido na taulo kichwani. Sikuwa na haja ya kumuuliza amesikia toka wapi. Alimuuliza baba yake jambo moja tu, kama shangazi alijua. Deo akasema hapana, ni yeye peke yake. Akaanza kulia, miguu bado majini.

Aline aliingia chumbani akatoka na mkoba. Nilimzuia mlangoni kwa mwili wangu wote, huu mwili mzima uliopona. Nikamwambia huku ndiko kwenu, unakwenda wapi na mvua hii.

"Kwa Patrick," akasema. "Kule, Mama, anayenichukia namjua."

Alinisogeza pembeni taratibu, kama mtu anavyosogeza mgonjwa, akashuka mteremko kuelekea barabarani. Niliita jina lake mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu nikashika kifua na kungoja, kwa sababu nilijua sasa maumivu yanakuja, na safari hii sitakwenda hospitali. Nilingoja sana pale mlangoni. Hayakuja. Moyo ulikuwa unapiga sawasawa.